Herufi Moja, Namba Mbili: Kuichagulia Injini Roketi Yako ya Kwanza

Ujumbe wa mpwa wangu uliingia Jumapili usiku, mfupi kama kawaida yake. "Shikamoo mjomba. C6-5 na D12-5, tuchukue ipi?" Yuko kidato cha tatu, Mbagala, na klabu ya sayansi ya shule yao imeahidiwa vifaa vya roketi ndogo, zile za karatasi na mbao nyepesi zinazopanda kwa moto wa kweli na kurudi chini kwa mwavuli. Nikaitikia marahaba, halafu nikamwuliza: "Uwanja wenu una upana wa mita ngapi?"

Kimya. Baadaye akaandika, "Mjomba, mimi nauliza injini."

Na mimi nilikuwa naongelea injini hiyohiyo. Karibu kila anayeingia kwenye mchezo huu huanzia mkiani: anaona picha ya roketi inayotema moto, anataka injini kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, kisha anahangaika kutafuta pa kuirushia. Mambo yanakwenda kinyume chake. Uwanja ndio unaokupa herufi ya injini. Uzito wa roketi unakupa namba ya kwanza. Umbo la roketi, na mwendo wake angani, vinakupa namba ya mwisho. Katika jiji ambalo bati la jirani linagusana na bati lako, ukianza na picha utamaliza kwa kugonga mlango wa watu ukiomba ngazi.

(Wengine huziita mota. Mimi nabaki na injini, maana ukisema mota Kariakoo utaletewa ya feni au ya pampu ya kisima.)

Jina la injini linavyosomwa

Injini yenyewe haina makeke. Ni kimrija cha karatasi nzito, kinene kama kidole gumba, chenye tundu dogo la udongo mgumu upande wa chini. Kwenye ganda pameandikwa, tuseme, B6-4.

Herufi inaeleza jumla ya nguvu iliyomo, tangu injini inawaka hadi inazimika. Kipimo chake ni nyutoni-sekunde. A inaishia 2.5, B inaishia 5, C inaishia 10, D inaishia 20. Kila kikomo ni maradufu ya kilichotangulia, na hapo ndipo wengi wanapotegwa: kwa macho, kutoka A hadi D ni hatua tatu tu, lakini kwa nguvu ni mara nane. Mpwa wangu alipouliza kati ya C na D alidhani anachagua kati ya saizi mbili za kiatu.

Namba inayofuata ni wastani wa msukumo, kwa nyutoni. Fikiria madumu mawili ya lita ishirini, moja lina koki nyembamba, jingine koki pana. Maji ni yaleyale, kinachotofautiana ni kasi ya kumwagika. C6 na C11 ni madumu ya herufi moja, ila C11 inamwaga haraka zaidi: inanyanyua mzigo mzito, kisha inaisha mapema.

Namba ya mwisho, baada ya kistari, haihusiani na nguvu. Ni sekunde zinazopita kati ya injini kuzimika na kile kishindo kidogo kinachofungua mwavuli. B6-4 inasubiri sekunde 4. Ukiona sifuri mahali hapo, kama C6-0, rudisha dukani. Hiyo ni injini ya hatua ya chini kwenye roketi ya hatua mbili, kazi yake ni kuwasha injini ya juu yake. Haina kusubiri wala kishindo cha mwavuli. Ukiiweka peke yake, roketi itapanda vizuri na kurudi kama mshale. Herufi P mahali hapo ina maana injini imezibwa juu, nayo haitafungua mwavuli. Kwenye injini za Estes, kampuni ambayo injini zake anayeanza atakutana nazo mara nyingi zaidi, maandishi ya kijani ni ya roketi ya hatua moja, mekundu ni ya hatua ya chini, zambarau ni ya hatua ya juu. Anayeanza ashike kijani.

Sasa kuna uongo wa heshima kwenye hiyo namba ya katikati. Kwenye vipimo, A8 haitoi wastani wa nyutoni 8, hutoa karibu 3 tu. Lakini mwanzoni, kwa sehemu ndogo ya sekunde, huruka hadi karibu 10. C6 nayo hufika takriban 14 mara tu baada ya kuwaka, kisha inatulia kwenye 4 au 5 hadi inapoisha, kama sekunde mbili kasoro kidogo. Mkupuo huo wa mwanzo umewekwa makusudi. Roketi ikiwa bado kwenye fimbo ya kurushia haina mwendo, na bila mwendo mapezi yake hayana kazi. Inahitaji teke la kuitoa kwenye fimbo ikiwa tayari inakwenda kasi, baada ya hapo hewa inayopita kwenye mapezi inaishika isiyumbe.

Ndiyo maana uzito una kikomo. Kanuni ya mkono ni kwamba msukumo uwe angalau mara tano ya uzito wa roketi ikiwa na injini ndani. Hesabu yake haihitaji kikokotoo: gramu 100 ni karibu nyutoni 1, kwa hiyo roketi ya gramu 100 inataka nyutoni 5. Kwa C6 unapata kikomo cha gramu 120 hivi, na ukisoma maelezo ya Estes kwa C6-5 utakuta wameandika 113. Hawakuokota. Kwa hiyo nunua au azima mizani ya jikoni kabla ya kitu kingine chochote. Gundi na rangi vina uzito, na vijana wakishika rangi ya kupuliza hawajui kuacha.

Ile sekunde moja

Namba ninayoitilia mkazo kuliko zote ni hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonitia hasara.

Injini ukiikata kwa urefu (usiikate) utakuta tabaka. Chini kabisa ni tundu la udongo. Juu yake baruti nyeusi iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama jiwe, hiyo ndiyo inayosukuma. Juu yake ni dawa ya kuchelewesha, inayoungua polepole ikitoa moshi bila kusukuma chochote. Juu zaidi, baruti kidogo ya kufukuza, kisha kifuniko chembamba cha udongo. Moto unapanda tabaka kwa tabaka, na ukishaanza hakuna wa kuuzima wala kuupunguza. Ndivyo zilivyo karibu roketi zote za mafuta makavu, kubwa kwa ndogo. Scout ya Marekani ilikuwa hivyo, hatua nne zote za mafuta makavu, na ndiyo iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 ikiwa na setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha siku yake ya uhuru. Setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani ina jina la Kiswahili, na wanafunzi wetu wengi hawajawahi kuisikia.

Turudi kwenye dawa ya kuchelewesha. Baruti ikiisha, roketi haisimami. Inaendelea kupanda kwa mwendo iliokwisha kuupata, kama jiwe la manati, huku ikipungua kasi. Kuna sekunde moja pale juu ambapo haipandi wala haishuki. Hapo ndipo mwavuli unapotakiwa kufunguka, maana hakuna upepo wa kuuchana.

Ukichelewa, roketi imeshainamisha pua na inashuka kwa kasi. Ukiwahi, bado inapaa kwa kasi. Kwa vyovyote mwavuli unafunguka kwenye upepo mkali, kamba inayounganisha pua na mwili inavutwa kwa nguvu na kuupasua mrija kutoka mdomoni kwenda chini, mchano ulionyooka kama zipu.

Nilipokuwa masomoni Marekani nilitengeneza roketi nene, nzito kiasi, nikaitia C6-7 kwa sababu tu ndiyo iliyobaki kwenye pakiti ya mwenzangu. Sekunde 7 ni za roketi nyembamba na nyepesi, inayoendelea kupanda muda mrefu baada ya moto kuisha. Yangu ilifika juu baada ya sekunde tatu au nne, ikageuka, ikaanza kurudi. Tulisimama tunahesabu. Kishindo kilisikika ikiwa kwenye urefu wa mnazi, na mwavuli ukachomoka nusu, na nusu hiyo haikusaidia kitu. Pua niliifukua kwa kijiti.

Kanuni inayotoka hapo ni rahisi. Roketi nzito au nene husimama mapema, ipe namba ndogo. Nyepesi na nyembamba huteleza mbali, ipe namba kubwa. Kwa mruko wa kwanza kabisa, kati ya namba zinazopendekezwa kwa roketi yako chukua iliyo ndogo.

Uwanja ndio mwenye kauli

Chama cha Marekani cha roketi ndogo, NAR, kilichoanzishwa 1957, kina kanuni za usalama zinazofuatwa hata nje ya nchi hiyo. Kwa kila herufi wameweka kipimo cha chini cha uwanja: A mita 30, B mita 60, C mita 120, D mita 150. Kinachopimwa ni upande mfupi.

Weka hizo namba juu ya kitu tunachokijua. Uwanja wa mpira wa kiwango una mita 105 kwa 68. Injini A inaingia, B inaingia kwa kubanana, C haiingii. D, ile aliyoitamani mpwa wangu, inahitaji eneo ambalo hata viwanja viwili vya mpira vilivyolazwa ubavu kwa ubavu havitoshi, kwa kuwa hata upande wake mrefu ungekuwa mita 136.

Sababu ni mwavuli. Roketi ndogo inashuka kwa kasi ya mita 4 hivi kwa sekunde, na muda wote huo upepo unaibeba. Ikifunguka kwenye mita 75, inakaa hewani karibu sekunde 19. Upepo wa mita 2 kwa sekunde utaisogeza mita 38, bado uko kwenye nyasi. Upepo wa mita 5, ambao kwa pwani yetu mchana ni wa kawaida tu, utaisogeza mita 95. Peleka roketi hiyohiyo mita 150 juu kwa injini C na upepo huohuo, uifuate karibu mita 190 kutoka uliposimama, kwenye paa la mtu au kwenye nyaya za umeme. Ya nyaya za umeme iache hapohapo. Usiiendee kwa mti wala fimbo, hata kama imening'inia chini namna gani.

Kwa hiyo anayerusha Dar anaamka mapema. Kaskazi ikivuma mwanzoni mwa mwaka au kusi katikati yake, upepo wa baharini hupata nguvu jua likishapanda. Kabla ya saa tatu asubuhi mara nyingi hewa bado imelala. Simama upande unaotoka upepo ili roketi irudi kuelekea katikati ya uwanja. Toboa tundu katikati ya mwavuli, ishuke haraka kidogo. Kwa roketi nyepesi unaweza kuacha mwavuli kabisa ukatumia utepe mrefu, unaopepea nyuma na kupunguza kasi bila kubebwa mbali.

Kuna hila nyingine ambayo vitabu vya wenye mashamba makubwa havina haja ya kuisema: roketi nene. Estes wana Alpha III, nyembamba na nyepesi, ambayo kwa injini C inapita mita 300. Wana Big Bertha, nene milimita 41 na ushee, ndefu kama sentimita 61, ambayo kwa injini za ukubwa uleule inafika mita 150 hivi. Hewa inaizuia, na hicho ndicho unachokitaka. Kwenye jiji unene ni breki uliyopewa bure. Isitoshe inapanda polepole, macho ya watoto yanaifuata, wakati ile nyembamba inafanya fyaa na kutoweka, mnabaki mnaulizana imeangukia wapi.

Usidhani basi kwamba dawa ni kuweka injini ndogo kwenye roketi kubwa. Roketi ya gramu 65 bila injini, ukiitia A8-3, itapanda mita thelathini hivi na kuanza kushuka kabla sekunde 3 hazijaisha. Mwavuli utafunguka chini mno. Herufi ndogo ni salama kwa roketi nyepesi tu.

Vipande vyenyewe

Anza na kipenyo cha injini, kwa sababu nyumba ya injini, yaani kimrija cha mkiani kinachoishika, ukishaigundisha huwezi kuibadili. Zipo za milimita 13, za 18 na za 24. A8, B6 na C6 zote ni za milimita 18, urefu milimita 70, kwa hiyo roketi moja yenye nyumba ya 18 inakupa herufi tatu za kuchagua kulingana na uwanja wa siku hiyo. D12 ni ya 24. Anayejenga roketi ya kwanza kwa nyumba ya 24 amejifungia kwenye injini ambazo uwanja wake hauziwezi. Juu ya nyumba hiyo gundisha pete ngumu ya kuizuia injini isipenye kwenda mbele ikisukuma, na kando weka klipu ya chuma ya kuishika isitupwe nyuma kile kishindo kikilia. Ikitupwa, mwavuli unabaki ndani.

Mrija wa mwili ni karatasi. Chuma hairuhusiwi, iwe kwenye mwili, pua au mapezi, kwa sababu jambo likiharibika unataka vipande vinavyokunjika. Hata bomba la plastiki la maji liache, ni zito na likipasuka linatoa vigae. Litumie kama kalibu tu: lizungushie nailoni, zungushia karatasi ya manila iliyopakwa gundi ya mbao, mizunguko mitatu, iache ikauke, chomoa. Mrija wa ndani wa foili ya jikoni nao unafaa.

Mapezi ndiyo yanayoamua kama una roketi au una fataki iliyopotea njia. Hapa kuna vitovu viwili. Kitovu cha uzito ni pale roketi inapokaa sawa ukiilaza juu ya kidole, injini ikiwa ndani. Kitovu cha upepo ni pale ambapo nguvu zote za hewa kwenye ubavu wake ni kama zinasukuma kwa pamoja. Cha uzito lazima kiwe mbele, karibu na pua, kwa umbali usiopungua unene wa mrija. Hivyo roketi ikiyumba, hewa inasukuma mkia urudi kwenye mstari, kama bendera inavyofuata upepo. Vikibadilishana nafasi, roketi inageuka kutafuta kwenda kinyumenyume, na haijali umesimama wapi.

James Barrowman wa Marekani alitoa hesabu za kupata kitovu cha upepo katika miaka ya 1960, na leo programu ya bure iitwayo OpenRocket inakufanyia zote ukiingiza vipimo. Asiye na kompyuta akate kivuli cha roketi kwenye kadibodi, akisawazishe kwenye ncha ya rula, apate makadirio ya tahadhari. Kisha afunge kamba ya mita mbili au tatu kwenye kitovu cha uzito, injini ndani, aizungushe juu ya kichwa. Ikitangulia pua, vizuri. Ikitangulia ubavu au mkia, ongeza udongo wa kufinyanga ndani ya pua au panua mapezi. Fanya jaribio hilo kwa injini nzito kuliko zote utakazotumia, kwani C ina gramu 24 hivi na A ina 16, na tofauti hiyo yote inakaa mkiani.

Ndiyo sababu plaiwudi haifai kwa mapezi. Balsa ndiyo mbao yake, na nyuzi za mbao zifuate ukingo wa mbele wa pezi. Zikiwekwa kinyume, pezi linavunjika kwa kishindo cha kutua. Ukikosa balsa, kadibodi mbili zilizogundishwa zinatosha, ila zipake vanishi, maana unyevu wa pwani utazikunja kabla ya wiki kuisha. Gundi ya mbao kwenye karatasi hushika kuliko gundi ya haraka: karatasi inachanika, kiungo kinabaki.

Mwavuli, sentimita 30 kwa roketi nyepesi na kama 45 kwa ile nene. Zamani ungekata mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mimi nakata kitambaa cha mwavuli wa mvua uliovunjika mbavu, nao unabaki mwavuli. Nyunyiza poda ya mtoto kabla ya kuukunja, joto la Dar huufanya ung'ang'anie mikunjo. Lastiki ya kuunganishia pua nunua kwa wauza vifaa vya cherehani, urefu mara mbili au tatu ya roketi nzima. Fupi hurudisha pua kwa kasi na kuupiga mwili.

Kati ya injini na mwavuli lazima pawe na karatasi maalumu isiyoshika moto, ijaze kina cha kama mara mbili ya unene wa mrija. Usiweke tishu ya chooni wala pamba. Zitatoka zikiwaka na kutua kwenye nyasi kavu.

Kiwashio ni waya mwembamba wenye ncha ya dawa, unaoingizwa kwenye tundu la udongo na kushikwa na kizibo cha plastiki. Roketi nyingi zinazokataa kuwaka ni kwa sababu ncha haikugusa baruti. Unawasha kwa betri kutoka mita 5 kwa injini hadi D, ufunguo wa usalama ukiwa mfukoni mwako hadi dakika ya mwisho. Isipowaka, toa ufunguo, subiri sekunde 60, ndipo usogee. Njiti ya kiberiti na utambi hazina nafasi hapa.

Injini zinapatikanaje

Vipande vya roketi bila injini ni karatasi, mbao na plastiki. Shangazi aliye ughaibuni anaweza kuvileta kwenye begi. Injini ni baruti, na abiria haruhusiwi kupanda nayo ndege, begi la mkononi wala la kukabidhi. Hapa nchini baruti ina sheria yake, Sura ya 45, na vibali vyake viko upande wa madini. Klabu ya shule ianze kwa barua ya mkuu wa shule kwenda Tume ya Madini, kabla ya kuagiza chochote. Anga nayo ina mwenyewe, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na jiji hili lina ndege zinazopishana kutwa. Waandikieni hao pia, mtaje mahali, siku na urefu mnaotarajia.

Najua jibu la kijana akisikia neno kibali: tutengeneze wenyewe. Hapana. Mchezo huu ulizaliwa ili kuzuia jambo hilo hasa. Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk, Nebraska, alitengeneza roketi ndogo za kwanza za aina hii 1954, akaja kushirikiana na G. Harry Stine wa kituo cha majaribio cha White Sands. Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Wasovieti, iliporuka Oktoba 1957, vijana wa Marekani walianza kushindilia kemikali kwenye mabomba, na wapo waliopoteza vidole na macho. Vernon Estes wa Denver akabuni mashine ya kushindilia injini zinazofanana moja na nyingine, akaiita Mabel, ili mtoto asishike baruti kwa mkono wake. Injini ya dukani hutumika mara moja, hutupwa, haijazwi tena.

Na ukishaipata, usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Joto la mchana na baridi ya usiku vikipishana, baruti hulegea kutoka kwenye ganda, moto ukapita pembeni badala ya kupanda tabaka kwa tabaka, na injini ikalipuka.

Kibali kikichelewa, kuna chupa ya soda ya lita moja na nusu. Chupa ya maji ya kunywa ni laini mno, acha. Jaza maji robo au theluthi, tia mapezi na pua, ingiza upepo kwa pampu ya baiskeli usizidi 60 kwa kipimo cha mafundi wa matairi, vuta kamba ya kuachia ukiwa mbali. Vitovu viwili, mwavuli, uzito, kila kitu kinajifunzika humo, isipokuwa ile sekunde ya kusubiri.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu kwa sauti, vipande kumi na moja vya WhatsApp, na sina hakika alisikiliza zaidi ya vitatu. Nilimwelekeza kwenye roketi nene na B6-4: gramu 65 bila injini, 84 ikiwa nayo, nyutoni 6 dhidi ya uzito usiofika 1, inapanda mita 75 hivi. Akafurahi. Siku mbili baadaye akaandika tena.

"Mjomba, nimepima uwanja kwa futikamba. Upana 54."

B inataka 60. Nikamwambia arudi kwenye A8-3, na roketi nayo ipungue: mrija wa milimita 30, gramu 35 bila injini, itaruka mita hamsini au sitini na sekunde 3 zitaitosha. Akajibu kwa kile kikatuni cha uso ulionuna. Jana shemeji amenipigia kuuliza kwa nini foili yote ya jikoni imefunuliwa na kulazwa juu ya meza, na mrija wake hauonekani.